Ukitafuta neno kwenye Biblia, tafuta kwa namba

Jana usiku nilikuwa nasoma Mathayo 9 nikafika ule mstari wa 13, Yesu anawaambia Mafarisayo "nendeni, mkajifunze maana ya maneno haya, Nataka rehema, wala si sadaka." Nikajua hapo ananukuu Hosea 6:6. Nikafungua e-Sword, programu ya kusomea Biblia, kwenye laptop nikaenda Hosea kwenye Union Version, ile tafsiri ya Kiswahili, nakuta imeandikwa "nataka fadhili wala si sadaka." Rehema huku, fadhili kule. Sasa hapo mtu ukisachi neno "rehema" kwa Kiswahili ule mstari wa Hosea hauupati kabisa, na utaondoka ukidhani umeshamaliza kutafuta.

Hili ndilo ninalotamani kila anayesoma Biblia kwa kompyuta alielewe. Ukiandika neno la Kiswahili kwenye kile kiboksi cha kutafutia, unachotafuta ni chaguo la mtafsiri, neno lenyewe la mwandishi bado hujaligusa. Ndio maana mimi naweka madirisha mawili sambamba, Union upande mmoja na upande wa pili King James, ile Biblia ya Kiingereza, yenye namba za Strong. Hizi namba sio za juzi, James Strong alitoa kitabu chake mwaka 1890, kila neno la asili akalipa namba, Kiebrania zake na Kigiriki zake, watu wakawa wanafunua kurasa kwa mkono na leo unaklik tu.

Basi nikaklik kwenye Hosea 6:6, ikatokea H2617 (H ni ya Kiebrania), neno hesed, ndilo hilo "fadhili" la Union. Halafu nikasachi namba yenyewe ndani ya Hosea, na hapo ndipo nilipokaa kimya kidogo, maana mistari miwili tu juu, kwenye 6:4, iko ileile H2617! Kwenye King James huwezi kujua, mstari wa 4 wametumia neno la wema, mstari wa 6 wakatumia la rehema, unapita tu. Kumbe ni neno moja. Mungu analalamika kwamba hesed yao ni kama wingu la asubuhi, kama umande, jua likitoka umeshakauka, halafu anasema ninachotaka mimi ni hesed. Yaani anadai kitu kilekile ambacho kwao hakidumu. Nimesoma Hosea mara nyingi sana na sikuwahi kuuona huo uzi.

Kwa Mathayo neno ni la Kigiriki, eleos, G1656, na ndilo lililotumika kwenye Hosea ya Septuaginta, ile tafsiri ya kale ya Kigiriki, kwahiyo rehema ya Mathayo imepitia huko na watafsiri wetu hawajakosea popote. Ukisachi H2617 Agano la Kale lote inakuja zaidi ya mara 240, imejaa Zaburi, ile 136 peke yake ina mistari 26 na kila mmoja unaishia na "fadhili zake ni za milele." Na ukifika Ruthu utakuta Boazi anamwambia Ruthu kwamba ameonyesha hesed, mwanadamu kwa mwanadamu, mjane mgeni asiye na kitu.

Ila naomba sana, ile orodha ya maana inayotokea ukiklik namba usiigeuze kuwa ya kuchagua unayoipenda. Nimesikia mahubiri mengi mtu anasema "kwa Kiebrania neno hili linamaanisha" halafu anamwaga maana zote sita kwenye mstari mmoja, hapana, neno linabeba maana moja kwa wakati na sentensi ndiyo inayoamua. Soma sura nzima kwanza ndio uklik.

Na noti zako zitunze nje ya kompyuta. Mimi hard diski iliwahi kufa na maelezo yangu yote ya Zaburi yakaenda nayo, niliumia mno, siku hizi kila Jumamosi nakopi kwenye flashi.

e-Sword yenyewe kwa Windows ni bure na ukishadaunlodi huhitaji bando kuisoma. Kama unayo tayari, fungua Ruthu usachi H2617, inakuja mara tatu tu, 1:8, 2:20 na 3:10, halafu angalia kila mara nani anamtendea nani. Ile ya 2:20 isome taratibu, mpaka leo najiuliza Naomi, mama mkwe wa Ruthu, anamsema Bwana au anamsema Boazi.