Kumbukumbu ya mradi: kila rekodi na folda yake

Jumamosi jioni

Kwa ambao hawajaufuata mradi huu tangu mwanzo: nina kompyuta mpakato ya zamani yenye Linux Mint, iko nyumbani Nyegezi, na kazi yake ni kuvuta sauti za kwaya na ngoma usiku wakati bando ni nafuu, kuzigeuza MP3, kisha kuzimwaga kwenye memori kadi inayopanda meli ya Nansio, kisiwani Ukerewe, kwenda kwa shangazi. Shangazi ana kiredio cha kuchomeka kadi. Habari za intaneti hataki hata kuzisikia. Ninachovuta ni vya watu walioniruhusu: kwaya ya kigango chetu, pamoja na vikundi vya ngoma vya Kisukuma ambavyo nimeongea na viongozi wao, wa Bagika na wa Bagalu pia, zile pande mbili zinazoshindana kwa ngoma, maana ukichukua upande mmoja tu utaulizwa.

Chombo ninachotumia ni yt-dlp, kile cha kuandikiwa amri kwenye terminali. Usipokiambia kitu, kinaacha faili pale pale ulipokuwa wakati unaandika amri. Ukiwa umefungua terminali ndani ya folda ya picha za harusi, kwaya italala na bibi harusi. Ile folda ya Downloads ambayo kivinjari kinaijua imeandikwa kwenye `~/.config/user-dirs.dirs`, lakini yt-dlp haina habari na faili hilo.

Dawa yake ni faili la mipangilio, `~/.config/yt-dlp/config`. Ukiandika kitu humo ni sawa na kukiandika kwenye kila amri. Langu sasa liko hivi (`-P` ni folda, `-o` ni muundo wa jina la faili, `-x` ni kutoa sauti peke yake, na `--download-archive` ni orodha ya zilizokwisha kuvutwa ili zisivutwe tena):

```
-P home:/mnt/sauti
-P temp:~/.vipande
-o "%(uploader|Nyinginezo)s/%(upload_date)s-%(title).80B.%(ext)s"
-x
--audio-format mp3
--restrict-filenames
--download-archive ~/.config/yt-dlp/zilizokwisha.txt
```

Mstari wa `temp` ndio ninaoupenda kuliko yote. Faili likiwa bado linavutwa au linageuzwa linakaa kwenye `.vipande`, likikamilika ndipo linahamishiwa `/mnt/sauti`. Kwa hiyo folda ya mwisho haina nusunusu, na nikinakili kwenda kwenye kadi sihitaji kuchambua. Wengi wanaelekeza `temp` iwe `/tmp`. Kwa sisi ambao umeme unaondoka bila kuaga, hapana. `/tmp` husafishwa mashine inapowaka upya, na kwenye baadhi ya mifumo iko ndani ya RAM kabisa, ile kumbukumbu inayofutika umeme ukikatika, kwa hiyo kipande kilichofika asilimia tisini kinapotea na bando lake. Kikikaa kwenye folda ya kawaida, yt-dlp inaliona faili la `.part` na kuendelea pale ilipoachia.

Angalizo: njia iliyo kwenye `-o` isianze na mkwaju (`/`). Ikianzia kwenye mzizi wa mfumo, `-P` zote zinapuuzwa.

Majina ya mafaili nimeyabana makusudi. Vichwa vya nyimbo vinabeba jina la kwaya, parokia, namba ya simu na emoji za moto, wakati ext4, mfumo wa mafaili wa Linux, haukubali jina lizidi baiti 255. `.80B` inakata kichwa kwenye baiti 80, na `--restrict-filenames` inaondoa nafasi, alama ya & na herufi zilizo nje ya ASCII. Kile kiskrini cha redio hakijui emoji hata moja.

Jumapili

Diski ya nje. `/mnt/sauti` ni diski ya USB, na waya wake watoto wanauchomoa wakitaka kuchaji simu. Hatari yenyewe ni hii: diski isipokuwepo, `/mnt/sauti` inabaki folda ya kawaida kwenye diski ya ndani, na programu itaijaza kimya kimya mpaka mfumo ukose nafasi. Kwenye `/etc/fstab`, faili la diski za kupachikwa mashine inapowaka, nimeiandika kwa UUID (namba ya utambulisho wa diski) pamoja na `nofail`, mashine iweze kuwaka hata diski haipo. Kisha, diski ikiwa imetolewa:

```
sudo chattr +i /mnt/sauti
```

Folda tupu imefungwa, hata root, yaani msimamizi mkuu wa mfumo, haandiki humo. Diski ikirudi inakaa juu yake na kila kitu kinaandikika kama kawaida. Nimejaribu bila diski: yt-dlp imelalamika kwamba haiwezi kutengeneza folda, ikaacha. Wimbo haukuingia kwenye `zilizokwisha.txt`, kwa hiyo usiku unaofuata utaombwa tena.

Katikati ya wiki

Nimeiweka kazi ya usiku kwenye cron, programu inayoendesha amri kwa ratiba, kwa `crontab -e` ya kwangu mwenyewe, si ya sudo (inayoendesha amri kama root). Root ana nyumba yake, `/root`, na mipangilio inatafutwa humo. Haipo, basi rekodi zote zitatua `/root` zikiwa video nzima badala ya MP3. Ukipotelewa na mafaili yaliyovutwa na cron, anzia kuangalia hapo.

Ijumaa

Kadi imefika Nansio. Simu ikaja kabla sijapiga mimi.

“Mwanangu, hii redio yako inaanzia mwisho.”

“Shikamoo shangazi. Inaanzia mwisho vipi?”

“Marahaba. Ibada ya kufunga imekuja kabla ya kufungua. Ngoma ya Bugobogobo iko katikati ya misa.”

Tarehe niliyoiweka mwanzoni mwa kila jina ilikuwa kwa ajili ya mpangilio, lakini viredio vingi vya bei ndogo havisomi majina. Vinafuata mfuatano wa mafaili kama yalivyoandikwa kwenye orodha ya folda ndani ya kadi, ambayo inatumia mfumo wa mafaili wa FAT. Kuna programu ya kazi hiyo, `fatsort`. Unaishusha kadi kwanza kwa `umount`, kisha:

```
sudo fatsort /dev/sdb1
```

Hakikisha herufi ya kifaa kwa `lsblk` kabla ya kubonyeza. Sasa ni hatua ya mwisho ya skripti yangu ya kunakili.

Mwalimu wa kwaya naye anataka video za projekta. Sitagusa mipangilio ya sauti, nimeandika `video.conf` yenye `-P home:/mnt/sauti/video` na ubora usiozidi 480, na jina fupi la amri kwenye `.bashrc`, faili linalosomwa kila terminali inapofunguliwa:

```
alias vutavideo='yt-dlp --ignore-config --config-locations ~/.config/yt-dlp/video.conf'
```

`--ignore-config` inazuia mipangilio ya kawaida isisomwe, ila lile faili ulilolitaja mwenyewe. Flashi yake ni FAT32, ambayo haibebi faili linalofika GB 4, kwa hiyo misa ya sikukuu nitaikata vipande kwa ffmpeg, programu ya kugeuza na kukata sauti na video. Hiyo ni ya wiki ijayo, bando likiruhusu.