Nilivyowamba Raketi za Mchezaji wa Nafasi ya 700

Nilipokwenda Budapest kusoma kwa ufadhili wa serikali ya Hungaria, posho ilinitosha chakula na nauli, na zaidi ya hapo nililazimika kujitafutia. Nilipata kibarua katika klabu ya tenisi upande wa Buda, kufagia na kumwagilia viwanja vya vumbi jekundu la matofali yaliyosagwa. Baada ya miezi mitatu, mzee aliyetunza vifaa, ambaye sote tulimwita kwa heshima bácsi, yaani mjomba kwa Kihungaria, alinikalisha mbele ya mashine yake akaanza kunifundisha kuwamba raketi.

Raketi alizonifundishia zilikuwa na nyuzi 16 za wima na 19 za mlalo. Kila uzi wa mlalo hupita juu ya mmoja na chini ya unaofuata, kisha huvutwa kwa kilo alizoagiza mchezaji. Mikono yangu iliizoea kazi hiyo upesi kwa kuwa nilikulia Tanga nikimsaidia babu kuwamba vitanda vya kamba, lakini kitanda huvumilia kosa ambalo raketi haivumilii.

Mteja wangu wa kudumu alikuwa kijana wa Kihungaria aliyekuwa akipanda na kushuka karibu na nafasi ya 700 duniani. Raketi yake ya kwanza niliiharibu: niliruka pishano moja karibu na kichwa cha fremu. Alipitisha kidole gumba juu ya nyuzi, akasimama palepale, akanirudishia bila ukali na kunieleza kwamba kesho yake alikuwa na mechi ya kufuzu, na raketi zake nyingine mbili zilikuwa zimekatika nyuzi. Usiku ule niliikata yote nikaiwamba upya.

Ndipo nilipoanza kuelewa hesabu zake. Katika mashindano ya kimataifa ya ngazi ya chini, ambayo zawadi yake yote ni dola 15,000, bingwa wa mchezaji mmoja mmoja alipata dola 2,160, na aliyetolewa raundi ya kwanza aliondoka na dola 156 bila pointi hata moja. Humo alitakiwa kupata nauli, chumba, chakula na nyuzi, tena vumbi lile hukata nyuzi kama msasa. Kocha alibaki nyumbani, kwani hakuweza kumlipia safari.

Tulipunguza gharama pale tulipoweza. Raketi moja hula takribani mita 12, hivyo tuliacha kununua pakiti mojamoja tukanunua roli la mita 200, ambalo lilitupa raketi 16. Niliwamba usiku wa kuamkia safari, maana nyuzi hulegea hata raketi ikiwa imelala tu begini, na kwenye shingo ya kila moja nilibandika karatasi ya tarehe na kilo.

Klabuni kila mtu alizungumzia Mei 2023, Mhungaria Fábián Marozsán, aliyekuwa wa 135 duniani, alipomshinda nyota wa Hispania Carlos Alcaraz mjini Roma kwa 6-3, 7-6. Mimi humkumbuka zaidi Mhungaria mwingine, Attila Balázs, aliyetoka raundi za kufuzu hadi fainali ya mashindano ya Umag, Kroatia, mwaka 2019 akiwa na miaka 30, kisha Machi 2020 akafika nafasi ya 76. Naamini miaka yote aliyokaa chini kabla ya hapo inastahili heshima ileile anayopewa kwa wiki ile moja.

Mteja wangu hakufika huko. Majira ya joto alikuwa akichezea klabu ya Ujerumani kwenye ligi yao, ambako mchezaji hulipwa kwa mechi, na fedha hizo ndizo zilizomwezesha kuendelea na mashindano miezi mingine. Wiki yangu ya mwisho niliwamba raketi zake sita kwa safari ya kwenda huko. Aligonga kila moja kwa kiganja, akasikiliza mlio wake, akazipanga begini na kwenda stesheni ya Keleti kuwahi treni ya alfajiri.