Kula na kunywa Ujerumani bila kununua plastiki, kwa jiko la kwetu

Aliyezoea Kenya baada ya marufuku ya mifuko ya plastiki ya Agosti 2017, au Tanzania baada ya Juni 2019, hushangaa akiingia supamaketi ya Ujerumani. Tango limevishwa nailoni, hoho tatu zimefungwa pamoja, na mara nyingi mboga za kilimo hai ndizo zilizofungwa kuliko zote, ili keshia asizichanganye na za kawaida. Mifuko ya kubebea ilipigwa marufuku huku Januari 2022, lakini ile myembamba ya kutilia matunda iliachwa.

Wengi wanaotaka kuacha plastiki hukimbilia duka la Unverpackt, yaani duka la kupimiwa kwenye chombo chako. Ni zuri, ila lina bei, na miji midogo mingi haina. Anzia kwenye vinywaji.

Maji ya bomba yananyweka. Yakiwa yamelala kwenye mabomba zaidi ya saa nne, yaache yatiririke mpaka yatoke ya baridi kabisa ndipo ukinge, na usipikie maji ya bomba la moto. Kama nyumba ni ya zamani sana, muulize mwenye nyumba kuhusu mabomba ya madini ya risasi: sheria iliwapa hadi 12 Januari 2026 kuyaondoa. Berlin na München maji yana chokaa nyingi, ndiyo maana chai ya rangi hufanya utando juu na birika huota magamba. Usinunue maji ya chupa kwa sababu hiyo. Tia vijiko viwili vya chakula vya unga wa asidi ya sitriki (huuzwa kwenye boksi la karatasi) katika lita moja ya maji ya baridi, mimina ndani ya birika, acha nusu saa, suuza. Usichemshe. Ukichemsha, asidi na chokaa hugandana kuwa ukoko mwingine mgumu kuutoa kuliko ule wa kwanza.

Ukitaka maji ya gesi au maziwa, soma Pfand, yaani amana ya chupa. Hapa ndipo watu hudanganyika: chupa ya plastiki yenye amana ya senti 25 hairudi kujazwa, hukandamizwa ndani ya mashine na kupelekwa kusagwa. Zinazooshwa na kujazwa tena ni za senti 8 (bia nyingi) na senti 15 (maji, maziwa, mtindi wa gramu 500 kwenye gilasi, yaani chupa pana ya kioo). Kreti la maji la chupa 12 za lita 0.7 lina amana ya euro 3.30: senti 15 kwa kila chupa, na euro 1.50 ya kreti lenyewe. Tazama vizuri, kwani ziko pia chupa nene za plastiki za senti 15. Hizo hujazwa tena kweli, ila mara chache kuliko za kioo. Mashine ikikataa chupa, mara nyingi ni kwamba duka lile haliuzi aina hiyo. Rudi ulikonunua.

Nyama ina utaratibu wake. Kwa ajili ya usafi, muuzaji haruhusiwi kupitisha chombo chako nyuma ya kaunta hivi hivi, ndiyo maana wengine hukataa moja kwa moja. Nenda na bakuli safi na kavu lenye mfuniko, fungua mwenyewe, liweke juu ya sinia lililo kaunta, na useme kabla hajakata. Yeye atalishika sinia, si bakuli, na atapima bakuli tupu kwanza ili usilipie uzito wake. Bucha za Waturuki kwa kawaida hawana neno. Karatasi ya bucha isikuhadae: nyingi ina utando wa plastiki upande wa ndani.

Mboga ni sokoni, Wochenmarkt, yaani soko la kila wiki, na saa ya mwisho kabla ya kufunga ndiyo ya bei ya kuelewana. Sukuma wiki ya majira ya baridi ni Grünkohl. Supamaketi huiuza imekatwakatwa ndani ya mfuko, sokoni utapata majani mazima. Kwenye maduka ya Kiafrika, muhogo na ndizi za kupika hukaa wazi kwenye maboksi. Muhogo umepakwa nta, kwa hiyo menya nene.

Kazi kubwa ni unga. Wa ngano hauna shida, huja kwenye mfuko wa karatasi wa kilo moja. Kwa chapati chukua Type 550 (namba ya aina ya unga, huandikwa kwenye mfuko), maana 405 hutoa chapati zinazochanika ukisukuma. Sembe nyeupe karibu yote iko kwenye plastiki. Nunua mfuko mkubwa kabisa utakaoweza kuumaliza, au songa ugali wa semolina, ambayo mara nyingi iko kwenye karatasi: lita moja ya maji kwa gramu 400, ukibakiza kama gramu 100 za kuongezea mwishoni. Ukitia yote kwa mpigo inafunga mabuje. Ikishika, funika moto mdogo dakika tano.

Tui la kopo si plastiki, ila nazi kavu iliyosagwa, isiyo na sukari, hupimwa Unverpackt na hutoa tui zuri. Gramu 200 kwa nusu lita ya maji ya moto yasiyochemka, acha dakika kumi, saga dakika mbili, kamua kwa kitambaa. Hilo ndilo tui zito. Rudishia chicha maji kikombe kimoja upate jepesi la kupikia. Likikaa kwenye friji, mafuta hugandia juu. Pasha taratibu, litarudi. Nazi yenye harufu ya sabuni imeshachacha, iache dukani.

Maharage, choroko na mchele wa kupimiwa huleta nondo. Mayai yao huwa ndani tangu ghalani, na viwavi wakitoka hutoboa hata nailoni, basi usilaumu duka peke yake. Kila unacholeta kigandishe wiki moja kwa nyuzi 18 chini ya sifuri, kisha kiache kikiwa kimefungwa hivyo hivyo mpaka kipate joto la chumba. Ukifungua kingali baridi, unyevu wa hewa hugandia kwenye punje na kuleta ukungu. Baada ya hapo hamishia kwenye gilasi lenye mpira wa kuzibia mfuniko. Gilasi la kufunga kwa kuzungusha kiwavi mchanga hupenya kwenye hesi zake.