Beseni jekundu: nilivyoituliza bawasiri yangu

Anayeendesha tuktuk kati ya Posta na Ferry, hapa Mombasa, huyajua matuta ya barabara ile kwa macho. Mimi niliyajua kwa makalio. Ilikuwa Ramadhani ya 2024, na kila gurudumu lilipopanda tuta nilijiinua kidogo kitini, mikono miwili kwenye usukani, abiria nyuma wakidhani nachungulia foleni ya mbele.

Ilianza kwa kuwashwa jioni jioni, kama niliyekalia upupu. Kisha choo kikawa kigumu, kinakuja baada ya siku tatu. Halafu alfajiri moja, nikichamba, nikaona maji yamegeuka mekundu. Damu mbichi, wala haiumi. Niliimwagia kopo zima la maji kama mtu anayeficha kosa, nikaenda kazini.

Aibu ndiyo iliyonigharimu. Nilikwenda duka la dawa nikakuta wanawake wawili kwenye foleni na kijana wa mtaani kwetu. Zamu yangu ilipofika muuzaji akauliza, "Ndiyo kaka, nikupe nini?" Nikasema kiuno. Kiuno chaniuma. Akanipa vidonge vya maumivu, vile vikali, nikavila siku nne mfululizo. Baadaye ndipo nilipojua vilikuwa na kodeini ndani yake, na kodeini hufunga choo. Yaani nilijinunulia maradhi kwa pesa taslimu. Siku ya tano nilikaa chooni nusu saa najikamua, na nilipoinuka nikahisi kinundu kimejitokeza, laini, kama zabibu. Kikarudi ndani chenyewe, lakini moyo wangu haukurudi mahali pake.

Mke wangu alishajua. "Baba watoto, wiki nzima wafuturu umesimama, wadhani sioni?" Kesho yake akanipeleka zahanati yeye mwenyewe, kama mtoto wa chanjo.

Daktari alikuwa mama wa makamo, hakushtuka hata kidogo. Alivaa glavu, akapima kwa kidole, dakika mbili basi. Maswali ndiyo yaliyokuwa mengi: miaka yangu mingapi, nimekonda bila sababu, choo kimewahi kuwa cheusi kama lami, kuna mtu kwetu aliyepata saratani ya utumbo? Akaniambia damu chooni si lazima iwe bawasiri, kwa hiyo mtu asijipe jina la ugonjwa na kukaa nalo nyumbani. Bawasiri yenyewe ni vile vijimto vya mishipa ya damu ambavyo kila mtu anavyo pale mlango wa haja kubwa, vinasaidia kuufunga. Vinakuwa ugonjwa vikivimba na kushuka, kwa kujikamua, choo kigumu, kukaa sana, na kwa wanawake ujauzito. Yangu ilikuwa daraja la pili kati ya manne, inatoka na kurudi yenyewe.

"Hii haihitaji kisu, baba," akasema. "Inahitaji beseni."

Beseni lenyewe tulinunua soko la Kongowea, jekundu, pana kiasi cha mtu kukaa magoti yakiwa juu. Mke wangu alilifunga uzi mweusi kwenye kishikio chake ili lisije likachanganywa na la kufulia. Maji ni ya uvuguvugu, si ya moto. Unapima kwa kiwiko kama unavyopima ya mtoto mchanga. Unakalia dakika 10 mpaka 15, mara mbili au tatu kwa siku, na hasa baada ya kwenda choo. Mimi nilikalia baada ya futari na tena kabla ya kulala. Siku ya pili, kwa ujuaji wangu, nikatia dawa ya kuua viini nikidhani nasaidia. Jamani! Nilitoka bafuni nikiruka kama kaa wa pwani. Maji matupu yanatosha. Chumvi wengine hutia. Mimi sikuona tofauti. Ukimaliza unajikausha kwa kitambaa laini kwa kugusagusa, husugui.

Nilipewa pia mafuta ya kupaka, na onyo yasizidi wiki moja kwa sababu yanaidhoofisha ngozi. Kinundu kilipovimba sana nilifunga barafu kwenye kanga na kuiweka dakika chache. Hizo ndizo dawa zote. Mzee mmoja pale steji aliniletea unga wa mitishamba, akasema unapakwa "inakauka na kudondoka yenyewe". Nilimshukuru, nikauacha kwenye kisanduku cha tuktuk mpaka ukaota ukungu. Kitu kinachoweza kudondosha nyama sioni kwa nini kishindwe kudondosha na isiyohusika.

Lakini beseni linatuliza tu. Kilichoiondoa ni mambo ya chooni na ya mezani, na hapa ndipo nilipogundua nilikuwa najiumiza kwa ratiba yangu mwenyewe. Kazini sikunywa maji, maana ukinywa utataka choo, na ukitaka choo pale Ferry unalipa, unaacha tuktuk, unapoteza zamu. Haja kubwa ikinijia saa nne asubuhi naibana mpaka jioni. Na choo ukikibana, utumbo unaendelea kukinyonya maji, kinakauka humo humo ndani. Kikija kutoka ni mawe.

Sasa naamka mapema kuliko zamani. Baada ya swala nakunywa glasi mbili za maji na chai ya moto, nasubiri. Tumbo huamka lenyewe baada ya kitu cha moto, ukilipa nafasi. Simu inabaki chumbani. Zamani nilikuwa nasoma matokeo ya mpira chooni mpaka miguu inakufa ganzi. Dakika tano zikipita bila kitu, nainuka na kwenda zangu. Sijikamui.

Choo chetu ni cha kukaa, na daktari aliniambia niinue miguu, magoti yapite nyonga, kama aliyechuchumaa, ili njia inyooke. Nikaangaza macho jikoni nikaona mbuzi ya kukunia nazi. Kimo chake ni kile kile. Niliifikisha mpaka mlango wa choo. "Mbuzi yangu haiingii chooni!" Sauti ya mke wangu ilisikika mpaka kwa majirani wa ghorofa ya juu. Nikatumia ndoo ya rangi ya lita 4, nimeigeuza juu chini, na mpaka leo ndiyo kigoda changu.

Chakula nacho kina kichekesho chake. Miaka yote asubuhi nilikuwa nakula mahamri matano na chai, mbaazi namwachia mwingine kwa kuwa "zinajaza tumbo". Kumbe kikombe kimoja cha mbaazi zilizopikwa kina kama gramu 11 za nyuzinyuzi, na mtu mzima anatakiwa apate gramu 25 mpaka 30 kwa siku. Nilikuwa naipisha dawa kwenye meza yangu mwenyewe! Siku hizi mahamri mawili, mbaazi bakuli. Mchana kunde au mchicha na sima ya unga wa posho usiokobolewa, jioni papai. Ukiongeza, ongeza polepole. Mimi nilirukia yote kwa siku moja, na abiria wa siku ile nawaomba radhi popote walipo. Isabgol, yaani maganda ya mbegu yenye nyuzinyuzi nyingi, nilinunua kwenye duka la Wahindi mjini: kijiko kimoja kwenye glasi nzima ya maji, uinywe kabla haijaganda, kisha ufuatishe glasi nyingine. Bila maji inaweza kuwa kizibo. Pilipili sikuacha. Huwasha ikitoka, hilo kweli, lakini mimi Mswahili wa Mombasa nitakula samaki na nini?

Kilichoniuma kuacha ni muguka, majani ya kutafuna ya jamii ya miraa. Usiku wa Ferry ni mrefu, na majani yale yanakuweka macho. Lakini yanakata hamu ya kula, yanakausha mdomo, yanafunga choo. Daktari alipouliza natafuna, nikatazama chini, akacheka. Niliacha wiki ile. Mei mwaka huo huo kaunti ikapiga marufuku muguka, mahakama ikasimamisha marufuku, wenzangu steji wakibishana kutwa kucha. Mimi nakaa kimya. Marufuku yangu ilitoka mahali pengine.

Damu ilikatika ndani ya siku tisa. Kinundu kilichukua kama wiki sita kuacha kutoka kabisa. Kitini naweka kikoi kilichokunjwa, wala sinunui ile mito ya kukalia yenye tundu katikati kama pete, na kila baada ya safari mbili nashuka, nazunguka tuktuk nikijifanya nakagua magurudumu. Wenzangu wanadhani nimekuwa mwangalifu wa mali.

Beseni bado limening'inia nyuma ya mlango wa bafu na uzi wake mweusi. Mara ya mwisho kulishusha ni niliporudi kutoka harusi ya Malindi: pilau siku tatu, maji kidogo, gari limejaa njia nzima. Nililikalia siku mbili, likarudi msumarini.