Rosta ya simu, na siku niliyojiaibisha kwenye grupu

Mimi ni inchaji wa wodi ya wazazi, wauguzi 14, na rosta yangu ya ukutani, yaani ratiba ya zamu, ilikuwa imefutwafutwa hadi inafanana na daftari la madeni la Mangi. Mwenzangu aliyetoka semina akaniambia, "Fungua grupu la WhatsApp, weka kila kitu humo. Ndiyo uongozi wa siku hizi." Nikafungua.

Siku ya tatu, saa mbili kasorobo asubuhi, watu wa usiku wamechoka wanasubiri kukabidhi, nikaandika kwa herufi kubwa: "SISTA WA ASUBUHI YUKO WAPI?" Na jina lake nikalitaja. Tiki za bluu zikajaa. Hakujibu mtu, ila mmoja aliweka viganja vya kuomba. Saa mbili na robo akaingia, macho mekundu. "Shikamoo sista." Akapokea ripoti, akaanza kazi. Mchana ndipo mhudumu aliponinong'oneza: mtoto wake alipata degedege usiku. Nikaufuta ule ujumbe. Ikabaki alama kwamba ujumbe umefutwa, na wote wanajua ulisema nini! Wiki nzima grupu kimya, labda zile za "tuma kwa watu kumi upate baraka".

Aliyeniokoa ni kijana wa steshenari, kwa elfu tano au saba hivi. Alinitengenezea fomu ya Google yenye maswali mawili: siku zipi mbili za mwezi ujao huwezi kabisa, na zamu gani inakuelemea. Sababu siulizi. Ukiuliza sababu unaletewa msiba wa shangazi aliyekwisha kuzikwa mara tatu. Mwezi wa kwanza wote walikataa Jumapili. Nikawaachia wagombane grupuni, angalau likapata kazi.

Bi mkubwa wetu wa wodini ana kiswaswadu, kile kisimu cha vitufe kisicho na WhatsApp. Huyo nampigia, na ndiye anayenipa habari za wodi ambazo fomu haizijui. Kumkosoa mtu ni chumba cha dawa, mlango umefungwa. Na anayerusha picha ya faili la mgonjwa grupuni namtoa papo hapo. Sheria ya taarifa binafsi ya 2022 haina utani.

Juzi yule sista akajaza: tarehe 14. Hapakuwa na wa kuziba pengo, nikaingia mimi na miguu yangu hii ya kuvimba. Kesho yake akaja na maandazi. Sijamuuliza alikwenda wapi.