Pauni 40 za kufunga skrubu saba

Fundi wa duka la bunduki za kuchezea aliipindua seti yangu, ganda la kugeuzia bastola bandia kuwa bunduki fupi, mara mbili, akahesabu skrubu kwa macho, kisha akasema kwa upole kabisa: pauni 40, urudi Alhamisi. Nikamuuliza arobaini za nini. Za kazi, akasema. Seti yenyewe nilikuwa nimeinunua pauni 85, plastiki tupu, na juu ya boksi wameandika kwamba haihitaji kuchonga wala kurekebisha chochote, unaweka tu. Sasa kama ni kuweka tu, arobaini ni za kunitazama nikiweka?

Nikairudisha kwenye mfuko, nikapanda basi. Ninyi mliozoea kukaa kwenye benchi la fundi mkipiga soga mpaka kitu kiishe, halafu mnatoa kilichopo mfukoni na kingine mnamalizia mwisho wa mwezi, mnajua kilichoniuma. Hapa Uingereza ukimgusa fundi, saa imeanza kuhesabu.

Kwa wasioujua, easofti ni mchezo wa kuviziana porini au kwenye majengo makuukuu kwa bunduki bandia zinazorusha vidonge vya plastiki vya milimita 6. Mwanafunzi mwenzangu alinipeleka mara moja, nikanogewa. Najua watu wa nyumbani watasema nimetumwa kusoma. Nasoma.

Bastola yangu ni AAP-01 ya Action Army, ya gesi. Nilipoinunua ilikuwa bluu kama ndoo ya kuogea, na si kwa kupenda kwangu. Kuna sheria ya mwaka 2006 inayokataza kuuza, kuagiza au kutengeneza bunduki bandia inayofanana na ya kweli, isipokuwa kwa sababu chache zinazokubalika, na mchezo huu ni mojawapo. Ili duka liwe na uhakika kwamba wewe ni mchezaji kweli, unacheza uwanja mmoja mara 3, katika muda usiopungua siku 56, ndipo uwanja unakuandikisha na unapata namba. Kabla ya hapo wanakuuzia yenye rangi ya kupiga kelele.

Seti ya kubadilishia umbo si bunduki. Ni ganda lenye kitako, mshikio wa mbele na mtutu mrefu zaidi. Bastola inaingia ndani, inatoka ikiwa bunduki fupi ya begani. Ndiyo maana wanakuuzia bila swali hata moja, na mtego uko hapohapo. Ganda jeusi likishaifunika bluu yote, umetengeneza kitu kinachofanana na silaha ya kweli, na sheria ileile inahesabu kukigeuza hivyo kuwa kosa kama huna sababu yake. Dukani hakuna aliyefungua mdomo. Aliyefungua ni mzee mmoja Mwingereza, msimamizi wa uwanja, ambaye mpaka siku ile nilidhani hanipendi. Aliona picha ya seti kwenye simu yangu, akaniuliza kama namba imetoka. Nikamwambia bado mchezo mmoja. "Basi ikae kwenye boksi," akasema, akaendelea na chai yake. Ikakaa chini ya kitanda wiki tatu.

Ninyi mnaojaza fomu za viza sasa hivi, hapa sikilizeni. Kosa la jinai huku haliishii kituoni. Hakuna "afande, tumalizane hapahapa". Litakusubiri kwenye fomu ya kuongeza viza, kwenye ya ukaazi, na kwenye ya uraia utalikuta limekaa limekunja nne. Mwenyeji akikosea anapigwa faini anakwenda baa. Wewe unaanza kuandika barua.

Namba ilipotoka nikafunga pazia la jikoni, nikatandika taulo mezani. Kwanza magazini nje, gesi yote nje, na kuhakikisha hakuna kidonge kilichobaki kwenye mtutu. Nikasukuma bastola ndani ya ganda. Haikuingia. "Unaweka tu", eti! Ilikwama robo tatu ya njia, na plastiki ukiilazimisha inapasuka palepale kwenye tundu la skrubu. Tatizo huwezi kuona inapogusa. Nikakumbuka mafundi wanavyopaka masizi kwenye chuma kutafuta mahali panapokwaruza. Masizi nitayatoa wapi kwenye nyumba yenye jiko la umeme?

Ndipo dada ninayepanga naye, nesi kutoka Kenya, akaingia akitoka zamu ya usiku.

"Kaka! Wataka tuuliwe?"

"Ni ya kuchezea, dada."

"Na huyo polisi atakayechungulia dirishani, umemwambia?"

Nikamwonyesha pazia. Nikamweleza shida. Alinitazama kwa muda, akafungua mkoba, akanitupia rangi ya midomo, nyekundu iliyokwisha nusu. Nikapaka kwenye kingo za bastola, nikasukuma, nikavuta. Ndani ya ganda kukabaki alama mbili ndogo, moja kila upande, nyembamba kama kucha. Tupa ndogo mara tano, msasa, futa, paka, sukuma tena. Mara ya saba ikateleza mpaka mwisho ikalia tak. Skrubu nikazikaza kwa vidole viwili tu. Gundi ya kuzuia zisilegee niliweka tone dogo kwenye chuma kwa chuma, maana ikigusa plastiki huila. Kazi ya saa mbili na nusu nzima. Kwa bei ya yule bwana sijui ningedaiwa ngapi.

Nikaenda uwanjani kifua mbele, bunduki ndani ya begi lililofungwa, kwa sababu kutembea nayo wazi barabarani bila sababu ya msingi nako ni kosa, na mimi na rangi yangu sina haja ya kujaribu. Kwenye kipima kasi, kwa vidonge vya gramu 0.20, ikasoma futi 362 kwa sekunde. Kikomo cha uwanja ni 350. Seti ilikuja na mtutu wa ndani mrefu, gesi inakisukuma kidonge kwa safari ndefu zaidi kinatoka na kasi, na siku hiyo kulikuwa na jua. Gesi ikipata joto presha yake hupanda. Machi, kwenye baridi, huenda nisingegundua. Bastola hii inaweza kufyatua mfululizo, na kikomo cha sheria kwa aina hiyo ni jouli 1.3, yaani nguvu ya kidonge kinapotoka. Mimi nilikuwa kwenye 1.2. Ikivuka, sheria haiiti tena bandia. Nilitokwa na jasho la mtu aliyeona fomu zake zikiungua.

Yule mzee hakunirudisha nyumbani. Alinisogezea kisanduku cha spana zake, nikarudisha mtutu mfupi wa mwanzo ndani ya ule mrefu wa nje, hakuna anayeona tofauti. Futi 318. Wakati nafunga akainama kuchungulia ndani ya ganda, akaona wekundu, akauliza ni nini. Nikamweleza. Alicheka mpaka akaita wenzake.

Tangu hapo wananiletea za kwao. Jumapili iliyopita kijana mmoja ameweka pauni 40 mezani, zilezile. Nikamrudishia. Viza ya mwanafunzi hainiruhusu kujiajiri, hata kwa skrubu saba. Akang'ang'ania anipe kitu. Nikamwambia alete rangi ya midomo, ya dada imekwisha.