Nilivyobadilisha breki za Porsche Cayenne bila kuuza kiwanja

Milioni 5 kasoro kidogo. Breki za mbele tu: diski mbili, yaani vyuma vya mviringo vinavyozunguka na gurudumu, na pedi zake zinazozibana. Kijana wa mapokezi alinisomea bei hiyo kwenye kompyuta kwa sauti ya mtu anayetoa rambirambi, akamalizia, "VAT bado, dada." Nikamshukuru, nikaondoka.

Gari lenyewe ni Cayenne S ya kizazi cha kwanza, V8 ya lita 4.5, zaidi ya tani 2. Nililinunua kwa bei ambayo watu hawaamini, na nafuu yake ina sababu: gari la namna hii likizeeka bei yake inashuka, ila spea zake hazijapewa taarifa. Lilianza kusumbua nikiteremka mlima Kitonga, narudi Dar. Kila nikigusa breki usukani unatetemeka, na harufu ya kuungua inaingia mpaka ndani. Pale teremka kwa gia ndogo, tafadhali. Breki za Mjerumani nazo huchemka.

Ushauri sasa! Fundi wa kwanza alitaka kuongea na mwanaume. "Dada, mwambie shemeji anipigie, haya mambo ya Porsche ni mazito." Shemeji mwenyewe hajui hata tairi ya akiba inakaa wapi. Wa pili akasema diski zipelekwe kwenye mashine ya leti zichongwe, laki moja hivi, kazi imeisha. Hapo nilikasirika hasa. Diski ya mbele ya gari langu ikiwa mpya ina unene wa milimita 34, na 32 ndiyo mwisho. Imeandikwa ukingoni mwa diski yenyewe kwa herufi ndogo, futa vumbi utaona. Nikamwambia apime mbele yangu. Ikasoma 32 na unywele. Sasa anachonga nini? Wa tatu nampa heshima kwa ubunifu. Aliona taa ya kuonya kuwa pedi zimeisha imewaka kwenye dashibodi, akashika koleo, akataka kukata waya wa sensa na kuzisokota ncha zake ili taa izime. Na kweli ingezima, ikakaa kimya mpaka chuma kikutane na chuma.

Nikaanza kusoma mwenyewe. Cayenne na Volkswagen Touareg ni ndugu wa tumbo moja. Bodi za Cayenne zilitoka Bratislava, kiwanda kilekile cha Touareg, halafu gari likamaliziwa Leipzig. Audi Q7 ya kwanza nayo imo kwenye ukoo huo. Kalipa za mbele, yaani vibanio vya pedi, ni Brembo za pistoni sita, na diski ya Touareg ya kipimo kilekile inakaa bila ubishi. Namba za spea za Porsche hii zinaanza na 955, za Touareg zinaanza na 7L. Ukiulizia kwa 955 unatajiwa bei ya ukubwa wa jina.

Basi gari nikaliacha nyumbani, nikaenda maduka ya spea ya Gerezani kwa bajaji, kandambili mguuni, natafuta diski za Touareg. Neno Porsche halikutoka mdomoni. Kipimo nilikuwa nacho tayari, maana kuna diski za milimita 330 na za 350, na mwaka wa gari haukuambii ni zipi. Nilitumia futi ya fundi cherehani.

Nikazipata, mpya, bei nzuri, mkono uko kwenye pochi. Nikazigeuza. Ndani ya diski, kati ya sahani zake mbili, kuna njia za kupitisha hewa, na kwenye gari hili njia hizo zimepinda: ya kushoto inapindia huku, ya kulia inapindia kule, ili gurudumu likizunguka joto litolewe nje. Zile mbili zilipinda upande mmoja. Zote za kushoto! Muuzaji akanitazama kama nimemtukana. "Dada, mviringo ni mviringo." Nikasema hapana. Akaapa kwa Mungu. Maduka ya jirani yakajaa mlangoni, kila mtu ana neno, mpaka mzee mmoja mwenye baraghashia akazichukua, akazilaza kaunta zikiwa zimepakana, akainama, akapitisha kidole ukingoni. "Binti anasema kweli." Nilitamani kumlipia yule mzee chai ya mwezi mzima. Ya kulia haikuwepo.

Ikabidi Dubai, kupitia kaka yangu. Diski ni nzito, mbili zinapita kilo 20, na ndege inalipiwa kwa kilo, kwa hiyo nauli ingemeza nafuu yote. Zikaja kwa meli, ndani ya kontena la kuchangia. Pedi na sensa, ambazo ni nyepesi, zililetwa na mtu kwenye begi. Diski Zimmermann, pedi Textar. Pamoja na usafiri sikufika milioni moja na nusu, labda ukihesabu na vocha za kumsumbua kaka.

Kufunga nilimpa kijana mmoja wa Tabata asiyepiga domo. Pedi za kalipa hizi zinatokea juu ukivuta pini. Kilichotutoa jasho ni kiskrubu kinachoshika diski kwenye habu, kitovu cha gurudumu, kimeliwa na kutu ya hewa ya pwani. Akamwagia dawa ya kutu, tukanywa chai, akaweka bisibisi ya kugongwa kwa nyundo. Cha kushoto kikaachia. Cha kulia kikagoma, kikatobolewa kwa drili, wala sikulia: kazi yake ni kushikilia diski tairi likiwa nje, basi. Kabla ya kusukuma pistoni alipunguza mafuta ya breki kwenye chupa, maana yakifurika yanakula rangi, halafu tukayabadilisha yote, tukaweka ya aina ya DOT 4. Jumapili alfajiri nikaenda Kigamboni kuzizoesha pedi na diski mpya: toka kilomita 80 kwa saa, kanyaga mpaka kama 20 bila kusimama, achia zipoe, rudia.

Anayewinda Porsche ya mtumba aangalie na rangi ya kalipa. Zikiwa za njano, diski zake ni za seramiki, na moja ikiwa mpya bei yake haiko mbali na Toyota IST iliyotumika. Piga nayo picha, nenda nyumbani.

Zangu za nyuma zina pedi nusu. Humo ndani ya diski kuna shuu ndogo za breki ya kuegeshea, nazo nimeshaanza kuziulizia.